Fundi wa Muyeye na majina yaliyoandikwa kwa penseli

Saa tatu asubuhi, ndani ya kibanda cha mabati mtaani Muyeye, Malindi, Kahaso Mwaringa anakilaza kitabu kikuukuu kifudifudi juu ya kioo cha skana. Anaivua leso mabegani na kuifunika mashine yote, maana kifuniko chake kilivunjika zamani. Kisha anainama, sikio karibu na leso, kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa.

"Tulieni kidogo," anawaambia wanawake wawili walioketi kwenye benchi. "Nataka kuisikia inavyotembea."

Mmoja wa wanawake hao ni Pola Gona, mkulima wa Ganda mwenye umri wa miaka 41. Wa pili ni Hannah Kasiva, muuguzi mstaafu mwenye miaka 78, ambaye kila mtu humwita Sista. 

Pola hana kitambulisho, na hajawahi kuwa nacho. Hajapiga kura hata siku moja, na laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la mumewe. Mume huyo alifariki miaka miwili iliyopita akamwachia shamba la mahindi na minazi kumi na minne, na kesi ya urithi itatajwa mwezi ujao.

"Karani aliniuliza, mama, wewe ni nani?" anasema Pola. "Nikamwambia ni mimi, si unaniona? Akasema kuonekana hakutoshi."

Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa. Ili apate cheti anahitaji ushahidi kwamba alizaliwa, na ushahidi wenyewe umo katika kitabu kilicho chini ya leso.

Kahaso, 36, alisomea uhazili katika chuo kimoja mjini Kilifi. Riziki yake hutoka kwenye saiba hii: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu. Siku njema humpa shilingi mia tisa. Lakini kazi anayoitaja kwanza ukimuuliza ni nyingine kabisa, na haijamlipa hata ndururu. Anaandika draiva za skana.

"Draiva ni mkalimani," anaeleza. "Kompyuta ina lugha yake, skana nayo ina yake. Kampuni iliyoiunda skana ikimwachisha kazi mkalimani, mashine inakuwa bubu. Watu wanaitupa. Si mbovu jamani, imekosa tu wa kuongea naye!"

Skana yake aliiokota hivyo hivyo. Miaka saba iliyopita ofisi moja huko Mnarani ilikuwa inahama, na mashine hiyo iliwekwa nje pamoja na viti vilivyovunjika, kwa kuwa kompyuta mpya zilikuwa haziitambui tena. Aliibeba kichwani hadi stendi.

Kompyuta moja kuukuu, iliyokuwa kwa Mwenda, fundi wa simu jirani yake, ndiyo pekee iliyokuwa bado inaelewana na skana hiyo. Kahaso aliziunganisha akawa anadukua mazungumzo yao: namba hii ikipita waya, kichwa cha skana kinasogea; ile ikipita, taa inawaka. Alinakili namba hizo kwenye daftari la mwanafunzi, kisha akaandika draiva yake mwenyewe. Ni programu huria, maana yake yeyote duniani anaweza kuichukua bure, kuisoma na kuirekebisha.

"Mume wangu aliniuliza, sasa ukiigawa bure tutakula namba?" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Kicheko hakidumu, kwa kuwa kinachofuata katika simulizi yake ni kosa, naye halifichi.

Miaka minne iliyopita, kamati ya zahanati moja ndogo ya kijijini, upande wa Ganda, ilimletea vitabu kumi na kimoja vya uzazi. Vilikuwa na watoto 3,412. Karatasi zilikuwa zimegeuka manjano, mchwa wameshaanza kuonja pembeni, na wazee wa kamati walitaka nakala za kwenye kompyuta.

Draiva yake wakati huo ilijua nyeusi na nyeupe tu. Ili kuondoa umanjano, Kahaso aliielekeza hivi: chochote kilichofifia kuliko wino, kifanye cheupe.

"Kurasa zilitoka nyeupe pe! Nikajivuna mno," anasema. "Wale wazee walishangaa wakanipigia makofi. Nikawaambia, vitabu vyenu sasa viko salama, msiwe na wasiwasi."

Kwa neno hilo, kamati ilivitoa vitabu kabatini na kuvirundika katika stoo. Masika yalipofika, paa la stoo likavuja wiki nzima bila mtu kujua.

Mwaka uliopita Pola alikuja kuchukua nakala ya ukurasa wake. Aliipeleka katika ofisi ya usajili, akarudi nayo siku hiyo hiyo. Ukurasa ulisema, kwa wino mzuri: mtoto wa kike, mama Umazi, tarehe, uzito. Safu ya jina ilikuwa tupu.

Kahaso alifungua ukurasa mwingine, kisha mwingine. Safu ya jina ilikuwa tupu kote, watoto wote 3,412. Hakufunga hata saiba vizuri. Aliondoka mbio hadi nyumbani kwa Sista Hannah, aliyewazalisha wanawake wa zahanati hiyo kwa miaka ishirini na minane.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka hivyo?"

"Sista, vile vitabu vya watoto, mlikuwa hamwandiki majina?"

"Tuliyaandika, tulikosaje? Mimi mwenyewe niliyaandika. Kwa penseli."

Sista Hannah ni Mkamba aliyeletwa pwani na kazi. Alipofika, anasema, aliandika kila kitu kwa wino kama alivyofundishwa. Kisha akawajua Wagiriama.

"Mama anajifungua, naandika jina. Wiki ya pili huyo anarudi na mtoto mgongoni. Sista, amelikataa jina! Analia usiku na mchana. Kumbe kuna babu au nyanya aliyetangulia, naye anataka jina lake ndilo lipewe mtoto. Nakata, naandika lingine. Wengine walirudi mara tatu! Kitabu kikawa michoro mitupu. Nikafungua vitabu vipya, ndivyo hivyo kumi na kimoja, nikasema basi, jina nitaliandika kwa penseli mpaka mtoto atulie. Na akitulia, nani angerudi kuniambia nitie wino?"

Kahaso ni Mgiriama. Yeye mwenyewe, anasema, alibadilishwa jina akiwa na siku kumi na mbili, na nyanyake alimhadithia habari hiyo mara nyingi. Lakini alipoketi mbele ya kompyuta hakukumbuka kwamba kilichofifia kinaweza kuwa jina.

"Niliketi kizingitini kwa Sista nikalia," anasema. "Sikulilia mashine. Niliwafuta watu kwa mkono wangu, na makofi nikapigiwa. Nani mwingine wa kulaumu? Desturi ni yetu, mimi naijua, na bado nikafuta."

Kati ya hao 3,412, wapo walio na wajukuu sasa na wapo waliokwisha kuzikwa. Mmoja wao, Simeon Mwambire wa huko huko Ganda, alikuwa akija kuulizia ukurasa wake kila Jumatatu. Mwezi wa nane Jumatatu moja ilipita hakuja. Alikuwa amefariki, na cheti hakukipata.

Majuto ni mjukuu, na wa Kahaso alikuwa ameshakaa naye nyumbani. Alikwenda stoo na Sista kuvitazama vitabu vyenyewe. Wino ulikuwa umeyeyuka ukawa ukungu wa samawati, na juu yake doa la kahawia lenye upana wa kurasa mbili. Ni Sista aliyeinua karatasi moja kuelekea mlangoni akaigeuza geuza kwenye mwanga.

"Mwanangu, wino ndio unaoogopa maji," alisema. "Penseli haiogopi."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Nakala za Kahaso zilikuwa na wino bila penseli. Vitabu vilivyolowa vilikuwa na penseli bila wino. Ukiviweka pamoja, mtoto anarudi mzima. Tatizo lilikuwa doa, kwani penseli ilikuwa imezama chini yake, na kamera ya simu ilipojaribiwa ilitoa picha ya doa tu.

Kahaso alijua dawa yake. Chini ya taa nyekundu, doa la kahawia hupauka na penseli hubaki nyeusi. Skana yake ina taa tatu ndogo, nyekundu, kijani na samawati, ila draiva haikujua kuwasha moja peke yake. Na ile kompyuta ya Mwenda aliyokuwa akiidukua ilikuwa imekufa, imeliwa na chumvi ya hewa ya Malindi. Palibaki kubahatisha.

Ujumbe unaoiamrisha skana una namba sitini na nne. Alianza kubadilisha moja baada ya nyingine, wateja wakipungua, huku mkono wa kushoto umeshika waya wa umeme tayari kuuchomoa. Alikuwa na sababu ya kuushika. Alipofika namba ya kumi na saba, kichwa cha skana kilijipigiza kwenye ukingo wa mashine kwa mlio wa kusaga mawe.

"Moyo ulinipasuka," anasema. "Skana nyingine ya aina hii sijui iko wapi. Nikichoma hii, nimewafuta mara ya pili. Nilikaa siku tisa sikuigusa."

Siku ya kumi akapiga moyo konde. Kazi yote ilimchukua miezi minane. Namba ya arobaini na moja ilipobadilishwa, mstari mwekundu ulionekana chini ya leso, ukatembea taratibu hadi mwisho wa kioo. Aliita jina la Mwenda kwa sauti mpaka jirani huyo akaja mbio akidhani kuna moto.

Kazi hiyo sasa imepokewa na jamii ya waandishi wa programu huria, na watu wa nchi nyingine wenye skana zilizotupwa wanaitumia. Juu kabisa ya draiva, kabla ya namba yoyote, Kahaso aliandika maneno mawili: Usifute penseli. Mmoja wa wasimamizi wa ng'ambo alimwomba ayaondoe kwa kuwa hayaeleweki. Alimwandikia tafsiri chini yake, akayaacha yalipo.

Leo ni zamu ya Pola. Kitabu chake ndicho kilichogandana kuliko vyote. Kilianikwa kivulini miezi mitatu, na Sista akawa anabandua karatasi moja moja kwa chelewa, ule uti mwembamba wa ukuti.

Mlio chini ya leso unakoma. Kwenye kioo cha kompyuta ukurasa unajichora kuanzia juu, mstari baada ya mstari. Kahaso anauweka juu ya ile nakala ya wino, anausogeza kidogo mpaka mistari ikutane. Mtoto wa kike. Mama Umazi. Na katika safu iliyokuwa tupu, penseli.

"Hebu, Sista. Huu ni mwandiko wako?"

Sista Hannah anasogea, pua karibu kugusa kioo. Jicho lake moja lina mtoto wa jicho, na jingine limeanza. Ofisi ya usajili imesema itaangalia nakala hizi iwapo aliyeziandika atakuja kuapa kwamba mwandiko ni wake. Haikuahidi zaidi ya hapo, na mwandishi mwenyewe ni huyu mmoja tu aliye hai.

"Ni wangu," anasema. "Hapa niliandika Kache. Nikafuta, alama ikabaki. Juu yake nikaandika Pola. Na hii ni tarehe, siku tisa baadaye."

Pola anasimama. "Kache ni nani?"

"Ni wewe, mama, kabla hujalikataa. Ulilia siku tisa."

"Kwa hiyo mama alirudi?"

"Alirudi. Singeandika kama hangerudi."

Umazi, mamake, alifariki Pola akiwa na miaka miwili. Pola hamkumbuki sura wala sauti, hana picha yake, na shangazi aliyemlea hakuwa mtu wa maneno. Kutoka kwao hadi zahanati ni mwendo wa saa tatu kwa miguu.

"Siku tisa tu baada ya kuzaa," anasema Pola. "Akatembea njia yote ile, kwenda na kurudi, ili nisilie." Anajifunika uso kwa upindo wa leso yake, naye Sista anamshika mkono asiuachie.

Kahaso anachapa nakala ya Alhamisi, siku Sista atakapokwenda kuapa. Pola anaomba ya pili.

"Hiyo ya pili si ya ofisi," anasema. "Ya kwangu. Sina kitu kingine cha mama."

Mpaka sasa Kahaso ameshawarudisha watu 1,304. Waliobaki ni 2,108, katika vitabu saba. Mwezi huu ameanza na wale wa miaka ya nyuma kabisa, ambao hawana muda wa kusubiri, na ukurasa wa Simeon Mwambire ameutoa pia, ampelekee mjane wake.

"Sina mpango mkubwa," anasema. "Nataka Sista anisomee wote macho yake yakingali yanaona. Nikimaliza hapo nitajua nimelipa."

Anageuza karatasi kwa vidole viwili, anakilaza kitabu juu ya kioo kinachopumua joto, na kuivuta leso juu yake.

"Sista," anauliza, "bado unaona?"

"Naona. Leta mwingine."