Kila Mechi Nilitolewa Mapumzikoni

Nakumbuka Jumapili moja ya wakati wa vita, mwanangu, nilipokwenda mtaa wa Bwiza kumrudishia kocha wangu jezi kabla ya mechi, niiache timu. Nilikuwa nacheza mpira wa mikono, na niliujua hasa; sijisifu, waulize waliokuwepo. Lakini kila mechi, kipindi cha kwanza kikiisha, Kocha Saidi ananitoa. Nifunge nisifunge, natoka. Hasemi kwa nini. Nami siulizi, navimba tu kama andazi kwenye mafuta.

Miaka ile watu tulipimana kwa sura na kwa mtaa. Mimi natoka Carama, yeye mtu wa Bwiza. Nikajiambia, huyu hawataki watu wa kwetu. Wazo hilo lilinikondesha.

Nilipitia kwanza kwa shangazi yangu, muuza vitenge, jirani na uwanja. Akaiona jezi mkononi.

"Umemuuliza?"

"Apana, shangazi."

"Sasa unahukumu mutu hajui hata kama ameshitakiwa? Nenda, mutoto, uulize kwanza."

Nikaenda. Mbele ya timu nzima nikamkabidhi jezi, nikasema, "Kocha, mi nimechoka kutolewa. Kama ni sababu ya kwetu, niambie hapa hapa."

Akaketi kwenye benchi. "Kwenu ni mbali. Mechi ikiisha, barabara ya Carama imeshafungwa. Kuna mumoja wa kwenu nilimuacha acheze mupaka mwisho. Nilimuzika mi mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Mungeogopa. Mungeacha kuja."

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, mwanangu. Nililia. Kisha nikakasirika upya, maana alikuwa ameniamulia bila mimi. Nikamwambia, "Leo nalala kwa shangazi. Usinitoe."

Alikwenda kwanza kumuuliza shangazi mwenyewe, ndipo akarudi akanipa jezi. Siku ile tulifungwa, lakini nilicheza hadi filimbi ya mwisho.

Sasa wewe umeniletea hasira zako juu ya kocha wako, na begi umeshafunga. Kuuliza si ujinga. Mwendee leo, ana kwa ana, umwambie kinachokuuma, na jibu ulisikilize hadi mwisho. Likiwa baya, utaondoka ukijua unachokiacha. Na siku ukiwa kocha wewe, sema sababu yako, hata kama inatisha.

Haya, nenda. Mungu akupe kinywa cha kuuliza, acheze nawe hadi filimbi ya mwisho, na kila jioni akurudishe kwa mama yako.