Dirisha la Mama wa Kamba

Klak.

Sauti hiyo Léocadie Mukamurenzi anaikumbuka kuliko kengele ya siku ya ndoa yake: mashine ikimeza kaseti. Kabla ya klak, watu sitini walikuwa wanabishana juu ya mpira, juu ya makaa kupanda bei, juu ya nani amekalia nafasi ya nani. Baada ya klak, kimya, kama vile wote wamefunikwa blanketi moja. Kisha mume wake, Ézéchiel, aliinua mikrofoni iliyofungwa kwa utepe mweusi, akaanza kuwasemea kwa Kiswahili wale watu wa kwenye televisheni waliokuwa wakisema Kifaransa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao pale mtaani Katoyi, katika chumba cha mbao kilichokaa juu ya mawe ya volkano. Asubuhi Ézéchiel alitengeneza redio za watu. Alasiri alionyesha filamu na kuzifasiri papo hapo, kwa sababu wengi waliokaa kwenye mabenchi yake walikuwa wametoka Masisi na Rutshuru na jembe, si na diploma. Filamu za ngumi zilikuja zikapita. Za mapenzi zilikuja zikapita. Ila kulikuwa na kaseti kumi na nne ambazo padri mmoja mzee alimwachia alipokuwa anarudi kwao, na hizo hazikupita kamwe.

Zilikuwa za mchezo wa zamani wa televisheni, uliotengenezwa kabla Léocadie hajajua kusoma. Gurudumu kubwa lilielea angani juu ya nyota kavu. Ndani ya gurudumu waliishi watu wenye nguo nyeupe na madirisha. Chini waliishi watu wa vumbi. Watu wa chini ndio waliozungusha mashine za kutengeneza mwanga, na mwanga ule ulipanda juu kwa kamba nene iliyopita juu ya paa zao bila kuwaachia hata cheche. Jioni waliwasha utambi. Ili upate hewa safi, ulichomeka kadi ukutani. Kadi ikiisha, unakohoa mpaka upate nyingine. Na watu wa juu hawakushuka. Walitazama mambo ya chini katika vioo vidogo walivyoshika mkononi, wakacheka, wakavifunika.

Vyombo vyao vya angani vilikuwa vya karatasi ngumu. Ukitazama vizuri unaona gundi. Lakini hakuna aliyecheka pale Katoyi. Muzee Habiyaremye, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ambaye hadi leo benchi la mbele ni lake hata asipokuwepo, alisema siku ya kwanza: "Hawa Wazungu walipita hapa lini? Mbona wametupiga picha bila kutuomba ruhusa?"

Miaka ikapita, na mambo ya zile kaseti yakaanza kutoka kwenye skrini, moja moja. Vikaja vioo vya mkononi. Ikaja, kwa wenye umeme, mita inayotaka kulishwa namba kabla haijakupa mwanga. Madini yakashuka kutoka milima ya Masisi yakaenda kuwa vioo vile vile, na waliochimba wakabaki na utambi. Kila kitu kilipofika, watu walikuja kumwambia Ézéchiel: "Papa Ézé, kile cha kaseti ya tano kimefika." Naye alijibu: "Subirini. Bado Mama wa Kamba."

Mama wa Kamba ndilo jina alilompa mwanamke mmoja wa chini, mlinzi wa mahali kamba ilipofungwa ardhini. Katika kaseti ya kumi na mbili, watu wa juu wanataka kupitisha kamba ya pili na wanahitaji idhini yake. Mtu mwenye nguo nyeupe anashuka, anamwahidi dirisha lake mwenyewe kule juu. Na Mama wa Kamba, kwa sauti ya Ézéchiel iliyofunika kabisa ya kwake, alijibu maneno ambayo watoto wa Katoyi waliyajua kuliko wimbo wa shule: "Apana. Mwanga ukipita juu ya nyumba ya jirani yangu bila kuingia, kwangu pia usiingie."

Mwaka lava iliposhuka na kukata mji, Ézéchiel alitoka na sanduku la kaseti kichwani. Picha zilipona. Sauti ilikufa, kwa sababu sauti ya kaseti hukaa kwenye ukingo wa utepe, na kingo zote zilikuwa zimejikunja kwa joto. Hakujali. Alikwishayajua maneno yote. Alipokufa, miaka sita sasa, Léocadie alichukua mikrofoni. Kifaransa chake kiliishia darasa la nne, lakini kaseti kumi na nne alikuwa nazo moyoni kama zaburi. Hakubadilisha neno.

Na maneno yale hayakuwa ya kusema tu. Mfanyabiashara wa mtaa wa Mapendo alipotaka kununua kile chumba na kufunga njia ya nyuma, njia ambayo wanawake wa mtaa wanapitia na bidoni za maji kwenda bombani, alimwahidi Léocadie nyumba ya matofali. Mjane, na nyumba ya matofali! Dada zake walimwambia amshukuru Mungu. Yeye alimwambia yule mtu: "Apana," na sababu aliyoitoa ilikuwa ya Mama wa Kamba, neno kwa neno.

Mwezi wa nne mwaka huu, nguzo za umeme zililetwa zikalazwa kando ya barabara. Watu walifurahi siku mbili. Siku ya tatu walijua kwamba laini inakwenda kwenye majumba mapya kando ya ziwa. Katoyi ni ya kupitiwa tu. Nguzo ya kona, pale laini inapopinda, ilipaswa kusimama katika kiwanja cha Léocadie. Upande mmoja wa kona ni ukuta wa kanisa, upande mwingine mawe ya lava yana shimo kubwa chini. Mahali imara palikuwa kwake.

Aliyeletwa kumwomba saini alikuwa Lionel. Kampuni ya umeme ilijua inachofanya. Lionel alikulia kwenye benchi la tatu la chumba kile. Sasa ana miaka thelathini na nne, shati jeupe, na beji kifuani.

"Mama Léo, karibu nikuletee habari ya raha," alisema, akaweka karatasi juu ya televisheni.

"Kwangu njo unanikaribisha weye? Ikala kwanza."

Akakaa. Akaeleza. Mama Léo akisaini, nguzo itasimama, na kwake peke yake watashusha waya. Courant, yaani umeme, usiku na mchana, bila kulipa mita, maisha yake yote. Jenereta linalokohoa moshi nyuma ya ukuta litalala.

"Na hawa wengine?"

"Mama, hawa hawako kwenye projet."

"Lionel. Weye mutoto wa hapa. Ile kaseti ya kumi na mbili uliiona mara ngapi?"

Lionel alitazama viatu vyake. Alikuwa amelijua swali lile tangu ofisini, na alikuwa amekuja na jibu lake, ingawa halikumfurahisha.

"Mama, usinikasirikie. Iko kwenye internet siku hizi, na sauti yake. Niliiangalia. Yule mama alikubali."

"Unasema nini?"

"Alikubali. Alichukua dirisha. Angalia mwenyewe."

Akamshikisha simu. Léocadie alifuta miwani kwa kitenge. Ndani ya kioo kile kidogo alikuwa Mama wa Kamba, mdogo kama kidole, mwenye kitambaa kile kile kichwani. Mtu mwenye nguo nyeupe akauliza swali lake. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya ishirini, Léocadie aliisikia sauti ya yule mwanamke. Ilikuwa nyembamba, imechoka. Ilisema:

"Oui."

Mtu hahitaji kuvuka darasa la nne kwa neno hilo.

"Rudisha," alisema. Lionel akarudisha. Oui. "Rudisha tena." Oui.

Akampa simu yake. "Acha karatasi. Urudi lundi."

Siku zile tatu, hadi Jumatatu, alimkasirikia marehemu kama anavyokasirikiwa mtu aliye hai. Alipiga deki akimsema. Ézéchiel alikijua Kifaransa. Padri mwenyewe alimwomba amwandikie barua. Kwa hiyo hakukosea. Alisikia "oui", akawaambia watu "apana", mwaka hadi mwaka, mkewe akiwa amekaa pale mlangoni akiamini. Ile nyumba ya matofali Léocadie aliikataa kwa maneno ya mwanamke ambaye hakuwahi kuyasema. Na sasa karatasi ilikuwa pale juu ya televisheni, na goti lake lilimuuma kwa kuvuta kamba ya jenereta kila siku. Nani angemlaumu? Hata Mama wa Kamba alichoka.

Jumapili, baada ya ibada, chumba kilijaa. Klak. Alionyesha kaseti ya kumi na mbili. Alifasiri kama kawaida: kicheko cha mtu mwenye nguo nyeupe, kikohozi cha jirani aliyeishiwa kadi. Ilipofika pale, mdomo wa Mama wa Kamba ukafunguka, na watu wote wakavuta pumzi ili waseme naye.

Léocadie akasimamisha picha.

"Mulisikie. Hapa anasema ndiyo."

Vurugu ikazuka.

"Mama Léo, umekunywa nini kanisani?"

"Rudisha nyuma! Sema vizuri!"

Muzee Habiyaremye akasimama na fimbo yake. "Mimi nimeona hii kitu kuanzia meno yangu yote ikiwa mudomoni. Sasa imebaki matatu, njo unaniambia ndiyo?"

"Njo vile iko, muzee. Sauti niliisikia mwenyewe. Papa Ézéchiel alitudanganya, na mimi nimewadanganya nyuma yake."

Habiyaremye hakukaa. Alimtazama, akatazama ile karatasi juu ya televisheni.

"Wamekuahidia dirisha," alisema.

"Wameniahidia. Nguzo hapa. Courant kwangu peke yangu."

Mwanamke mmoja wa nyuma, Julie, anayechoma mandazi kwenye kona, alisema bila uchungu: "Mama, kama unachukua, chukua. Umetulisha hizi filamu miaka yote. Hatutakununia." Na labda alimaanisha. Hilo ndilo lililomchoma Léocadie: kwamba walikuwa tayari kumsamehe, jinsi mtu anavyosamehe mvua.

Akageuka kuitazama picha iliyosimama. Nyuma ya Mama wa Kamba kulikuwa na watu wengine wa chini, ishirini hivi, ambao macho yake hayakuwahi kukaa juu yao. Walisimama mikono imening'inia. Hakuna aliyeulizwa kitu. Hakuna aliyesema kitu. Alisogea mpaka pua ikakaribia skrini.

"Hao waliotengeneza hii, waliona mbali," alisema polepole, kama mtu anayefasiri. "Waliona kadi. Waliona vioo. Waliona waya wa kupita juu ya paa. Lakini muangalie hawa wa nyuma. Wamewekwa pale kama viti. Yule mama alikuwa peke yake, njo maana alisema ndiyo. Papa Ézé aliona benchi zenu zimejaa, akakataa kuwaambia kwamba mwisho wenu ni wa viti."

Akawasha mashine iendelee, akaichukua mikrofoni.

"Basi mimi sitaki kuamini neno eti kwa sababu tu liko kwenye kaseti. Tumeisikia ya kwao. Sasa museme ya kwetu. Jirani akipitiwa?"

"Kwangu pia usiingie!" Mbao za chumba zilitetemeka. Wapangaji wa mtaa wa pili walitoka nje kuangalia kama mlima umeanza tena.

Jumatatu Lionel alirudi na mkubwa wake, mhandisi wa kampuni, ingénieur Damascène. Walimkuta Léocadie mlangoni. Nyuma yake, njia nzima ilikuwa na watu waliokuja na kazi zao: Julie na karai lake, Habiyaremye akichonga gurudumu la chukudu.

"Mama, tunaomba saini tu," alisema Damascène.

"Nitasaini. Uongeze mustari mumoja: waya unashuka kwa kila nyumba ya hii avenue, nao watalipa kama watu wa ziwa wanavyolipa."

"Mama, hawa si wateja."

"Nguzo yenu inataka mawe yetu, lakini haitaki majina yetu? Basi muisimamishe kwenye hewa."

"Tutazunguka. Tutapita avenue ya chini. Halafu weye utabaki na moshi wako."

"Moshi wangu ninaujua," alisema, akamrudishia karatasi ikiwa safi, bila saini.

"Bwana ingénieur," Habiyaremye akaita bila kuinua kichwa, "mukichoka kubeba hizo nguzo, mimi natengeneza chukudu."

Walizunguka kweli. Wiki iliyofuata walikwenda mtaa wa chini, wakabisha kwa mwenye kona ya kule, wakamtolea karatasi ile ile. Yule mtu alikuwa amekaa benchi la tano ile Jumapili. Aliwauliza kama mustari umeongezwa. Nguzo bado zimelala kando ya barabara. Wanawake wanaanika nguo juu yake, na Lionel akipita huinamisha kichwa, ingawa juzi alisimama akauliza Jumapili ijayo ni kaseti gani.

Mtaa hauna umeme. Lazima lisemwe. Jenereta linakohoa bado, na goti la Léocadie halijapona.

Jioni ile ambayo mtaa wa chini ulikataa, alibaki peke yake chumbani akipanga mabenchi. Alifuta vumbi la kioo cha picha ya Ézéchiel, ile inayoning'inia juu ya mashine, amevaa koti kubwa kuliko mabega yake. Akachukua kaseti ya kumi na mbili, akapuliza utepe uliojikunja, akairudisha kwenye jalada lake. Kisha akasogeza mdomo karibu na picha, karibu kabisa, ili hata mbao zisisikie.

"Ulidanganya muzuri, papa," alisema.