Mukwe wa kwenye televizyo na mukwe wangu

Mwaka ule Bakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Kolwezi, kwetu Katanga, nilimpelekea binti yangu ugali wa bukari na mboga ya sombe kwenye gare, alikokuwa akingoja treni na mume wake Mukasai. Walikuwa wamelala chini majuma mawili. Huyo mume alizaliwa hapahapa. Kasai yenyewe hajawahi kuiona.

Nilipofunua sufuria, mukwe akageukia ukuta. Kwetu mukwe hali chakula mbele ya mama mukwe, na kwenye gare hakuna mlango wa kufunga. Waliomfukuza kama mgeni wangejifunza kwake desturi zao wenyewe.

“Kula, tata,” nikamwambia.

“Mi nimeshiba, mama.”

Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Basi nikampa mgongo, nikaanza kumsimulia binti yangu ule mchezo wa televizyo tuliokuwa tukiucheka sote watatu, wa mama wa Katanga na mukwe wake Mukasai.

“Hii juma, mama alimutupia manguo inje. Akamuambia: Rudia kwenu.”

Binti yangu akacheka. “Na ye?”

“Akapitia mu dirisha. Akasema: Mama, nimerudia.”

Nyuma yangu mukwe akakohoa. Halafu akauliza polepole, “Na mama alimuacha aingie?”

“Alimuacha.”

Kusema kweli, juma lile lote hatukuwa na umeme; sikuona mchezo wowote. Wenye kupenda ukweli sana walikuwa kwingine, wakiandika orodha za watu wa kufukuzwa.

Nikamsikia mukwe akimwomba mke wake maji ya kunawa.