Miti ya Kuazima

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu. La, nadanganya. Ishirini na tatu ndio miche ilipandwa. Wageni walikuja mwaka uliofuata, ishirini na nne, kabla ile mvua kubwa haijaanza. Kipkirui mwenyewe hataji mwaka. Husema tu, "wakati ule wa wageni," na watu wa upande wa chini wa mtaa wa Kapsoya hujua anasema nini, na wengine hucheka.

Huyu Kipkirui aliendesha mashine za kuvuna ngano, kutoka Moiben mpaka mji wa Ziwa, hadi macho yakaanza kumsumbua. Akarudi kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na babake, pale nyumba za mtaa zinapoishia na nyasi kuanza. Chini ya shamba kuna chemchemi. Si yake, ni ya watu wote. Ng'ombe hunywa hapo, na mifereji ya mtaa ikikauka, akina mama wa ploti, zile nyumba za kupanga, hushuka na mitungi. Kwa sababu ni mpole na hapendi kelele, walimchagua awe mwenyekiti wa kamati ya chemchemi. Mtu mpole hupewa kazi ambayo wakali wameikataa.

Serikali ilikuwa imetenga pesa za mabadiliko ya tabianchi, na kidogo kikafika pale. Chemchemi ingezungushiwa ua wa waya, ipandiwe miti ya kienyeji, na ng'ombe wajengewe birika lao kando, wasikanyage jicho la maji. Kontrakta alikuja, akachimba mashimo, akapanda miche mwezi wa Januari jua likichoma, akapiga picha, akaenda. Nguzo zilisimama bila waya. Birika halikuonekana. Miche ilikauka ikawa kama njiti za kiberiti. Kipkirui alilalamika ofisini mjini mpaka wakamzoea, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani.

Ndipo siku moja akapigiwa simu na Mabonga, afisa wa mazingira katika ofisi hiyo hiyo. Kamati ya bunge inakuja kutoka Nairobi, kuangalia pesa za tabianchi zimefanya nini. "Mzee, watafika kwako," alisema. "Wapokee vizuri. Usituaibishe."

Kipkirui alifurahi, maana sasa kuna watu watakaojionea kwa macho. Lakini katika maneno yote yale lililomwingia ni moja: wageni. Na kwao mgeni hapokewi uwanja ukiwa uchi. Wakwe wakija, unaazima viti huku, sufuria kule, blanketi nzuri kwa jirani, na hakuna anayeita huo uongo. Ni heshima. Jerop, mke wake, alikuwa ameshaazima vikombe na chupa za chai za kanisa. Kipkirui akateremka kwenye chemchemi, akaangalia zile njiti ndani ya mashimo, akaona aibu ya mwenye boma. Akaita boda boda, akaenda kwa Oyugi, muuza miche kando ya barabara.

Oyugi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka akashika kiuno. "Mzee, watu wanakopa miche, hiyo nimezoea. Lakini kuazima? Sasa utanirudishia ikiwa na matunda ama vipi?"

Lakini alimpa, akamwonya asiitoe kwenye vifuko vyake, mizizi isiumie. Wakaifukia hivyo hivyo, na vifuko, wakang'oa njiti, wakamwaga maji. Pakapendeza, kusema kweli. Hata ng'ombe walisimama wakatazama.

Jerop alikuja akajishika kidevu. Aliuliza jambo moja tu: sasa hao watu watajuaje kwamba ile miche ya pesa za serikali ilikufa?

"Nitawaambia," Kipkirui akasema. "Wakishakula."

Na hiyo nayo ni desturi. Shida haiwekwi mbele ya mgeni kabla ya chakula. Kwanza anywe mursik, maziwa lala ya kibuyu, ale, apumzishe mgongo. Halafu mwenye boma anakohoa na kusema, sasa, watu wangu, kuna jambo. Kipkirui alikuwa amelipanga lake. Angewapeleka kwenye nguzo tupu, angechomoa mche mmoja na kifuko chake, wangecheka pamoja kwanza, kisha angeeleza yote. Alichinja mbuzi kwa ajili ya maelezo hayo.

Magari yalifika yamechelewa. Mwenyekiti wa kamati ya bunge, mama mmoja mheshimiwa mwenye sauti nyororo, aliwasalimia wote kwa mkono, hata watoto. Hakuna mgeni aliyekalia kiti. Mabonga alieleza haraka haraka akinyoosha kidole kwenye miche. Waya, alisema, uko njiani. Kamera zilikuwa zimewashwa. Mheshimiwa akamgeukia Kipkirui.

"Mzee, wewe ndiye mwenye mahali hapa. Miti iko?"

Moshi wa nyama ulikuwa ukiwapita. Kumkatalia mgeni ambaye hajagusa hata kikombe ni kama kumtukana mlangoni. Na miti, kwa macho, ilikuwa pale, mibichi kabisa.

"Iko, mama," alisema. "Karibuni kwanza mkule."

Mheshimiwa alicheka, akamsifu mbele ya kamera, akasema nchi inahitaji wazee wa namna hii. Lakini walikuwa wanangojwa mji wa Burnt Forest. Alionja mursik amesimama, akamrudishia Jerop kikombe na shukrani nyingi, akaingia garini. Msichana wa kamati, karani aitwaye Cate, alimwachia Kipkirui nambari ya simu. Mzee aliyafuata magari akiinua mkono, akiita. Dereva wa mwisho alidhani anawaaga, akampigia honi.

Mbuzi aliliwa na majirani. Baadaye Oyugi alikuja na mkokoteni akachukua miche yake, amepata mteja.

Kisha mvua ikanyesha, ile iliyobeba madaraja sehemu nyingine. Kwenye chemchemi haikubeba daraja. Ilishusha tope na kinyesi, kwa kuwa hapakuwa na mzizi wa kushika udongo wala waya wa kuzuia ng'ombe, na jicho la maji likageuka rangi ya chai. Jirani yake Jemutai alikuwa akipita na mtungi, haangalii pembeni. "Mwenyekiti, tuazimie basi na maji."

Kipkirui akaenda mjini kwa Mabonga, akamwambia sasa ameamua kusema ukweli. Mabonga hakukasirika. Alifunga mlango, akamvutia kiti, akamsomea ripoti ya kamati kwenye simu yake: mradi umekamilika, jamii imethibitisha. Palikuwa na picha. Ni Kipkirui, anatabasamu, mkono umeelekezwa kwa miti ya Oyugi. Kontrakta alikuwa ameshamaliziwa malipo yake.

"Sema, Mzee, sikuzuii," Mabonga alisema. "Lakini watakuuliza miche ilitoka wapi, na ni nani aliifukia. Kudanganya kamati ya bunge watu wanafungwa. Mimi sikukwambia uazime miti. Nilikwambia upokee wageni."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimkaa kifuani. Akajaribu kuacha uenyekiti. Wanakamati wa chemchemi wakakataa katakata. Akitoka, nani atajibu? Basi akabaki, kama ng'ombe aliyeingiza kichwa kwenye ua: mbele miiba, nyuma miiba. Akinyamaza, chemchemi inakufa mikononi mwake. Akisema, ni yeye atakayeitwa mwongo, wala si yule aliyekula waya na birika. Watu wa ploti walianza kuugua matumbo. Jerop alikuwa akichemsha maji mara mbili, na hilo ndilo lililomshinda.

Asubuhi moja, ng'ombe wakiwa bado hawajafunguliwa, akampigia Cate. Akamweleza yote, tangu vikombe vya kanisa hadi mkokoteni wa Oyugi, hakuficha lake hata moja. Akasema wakitaka kumfunga wamfunge, lakini warudi waone maji.

Cate kwa adabu akasema ripoti ilishawekwa mezani bungeni. Kuifungua tena, lazima mtu aape kwa maandishi, na huyo mtu atakuwa ni yeye mwenyewe. Akamwomba asiseme zaidi kwenye simu. Angemuuliza mheshimiwa, kisha ampigie.

Kipkirui aliapa na kutia sahihi kwa wakili mjini, akamtumia Cate. Hajaitwa kufungwa, na hajaitwa kusikilizwa. Anaendelea kuwa mwenyekiti. Lakini siku ile, kabla Cate hajakata simu, Kipkirui alikuwa amemuuliza jambo, na tangu hapo amelirudia kwa Mabonga, kwa diwani, na kwa kila gari jeupe la serikali linaloshuka upande ule:

"Mlikuja kwetu kama wageni, ama mlikuja kukagua?"