Ndege Asiye na Mdomo

Nitaongea nikiwa nimesimama, mniwie radhi akina mama wa kanisa la Nyakoe. Nikikaa nitaanza kutikisa mguu, nanyi mtautazama mguu badala ya kunisikiliza.

Mimi ni Moraa, muuguzi kule Nyamira. Kwa miaka kumi na moja sifa yangu ilikuwa moja: mshipa wa damu haukuweza kunificha. Mgonjwa akichomwa mara tatu bila mafanikio, niliitwa mimi. Nilikuja mbio, nikachoma mara moja, nikaondoka mbio. Chakula cha mchana nilikula nikitembea. Mume wangu Ombati alinitania kwamba hata usingizini natafuta viatu.

Kisha wiki moja tukapoteza wagonjwa wanne wodini. Sikulia. Nilitandika vitanda. Siku chache baadaye, nikiwa nimeshika mkono wa mgonjwa, moyo wangu ulianza kwenda kasi. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho likanitiririka mpaka sare ikanata mgongoni. Sindano ikaanguka. Nilikimbilia chooni nikatapika chai yote, kisha nikaharisha. Nilijua nakufa.

Nilipimwa moyo na damu Kisii. Daktari akasoma majibu na kusema, "Sista, moyo wako uko sawa kabisa. Hii ni hofu. Umebeba mengi."

"Hofu inaweza kunitapisha?"

"Inaweza hata kukuangusha."

Nilikasirika sana. Heri angenipa ugonjwa wenye tembe.

Nilirudi kazini nikaanza kujipima presha kila saa, na kila nikijipima ilikuwa juu. Mikono ilitetemeka hadi kalamu ikanishinda. Msimamizi wa wodi akanihamishia kwenye meza ya faili. "Tulia kwanza," aliniambia. "Mikono ikikataa kabisa, tutakutafutia kazi ingine." Msiniulize nilivyolala siku hiyo. Bila sindano, mimi ni nani?

Daktari alikuwa amenielekeza kwa mshauri, na mshauri akanielekeza kwa Akinyi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Homa Bay, aliyefundisha yoga kila Jumanne jioni. Mama yangu alishtuka. "Moraa, hiyo si ni dini ya watu?"

Akinyi alicheka nilipomweleza. "Ambia mama hapa tunanyoosha mgongo na kupumua. Kuomba utaomba Sabato."

Siku ya kwanza nililala chali kwenye mkeka. "Fuata pumzi yako," akasema. Nami nikafanya nilivyofundishwa chuoni: nikashika saa yangu ya kifuani, nikahesabu. Pumzi ishirini na nane kwa dakika! Mgonjwa wa hivyo ningemwita daktari. Nikaogopa, zikafika thelathini na nne. Niliruka kutoka mkekani nikiomba oksijeni, watu wakinitazama.

Akinyi akanyoosha kiganja. "Leta saa."

"Ni ya kazi."

"Hapa wewe si nesi. Leta."

Akaitia mfukoni. Nilichukia kila dakika ya ule utulivu. Niliwashwa pua, nikawashwa nyayo, nikahesabu mbao za dari. Lakini niliendelea kwenda, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Ilichukua majuma mengi kabla sijalala pale nikasikia tumbo likipanda na kushuka lenyewe, bila kuuliza ni mara ngapi.

"Sasa tafuta kitu cha kutengeneza kwa mikono," Akinyi akaniambia. "Kitu ambacho hakuna mtu atakufa ukikiharibu."

Nikaenda Tabaka kwa shangazi yangu Bosibori. Yeye husugua vinyago vya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kuchonga, kwa msasa, ndani ya karai la maji, mpaka vilainike. Alinipa ndege mdogo. Nikamsugua jinsi ninavyofanya kila kitu. Kabla chai haijachemka, mdomo wa ndege ulikuwa umeisha.

Shangazi alicheka akijishika kiuno. "Omwana one, mwanangu, huyu sasa atakula na nini?"

Nami nikacheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, na sikuweza kukizuia. Nililia juu ya lile karai nikiwataja wale wanne mmoja mmoja kwa majina. Shangazi hakuninyamazisha. Aliongeza maji tu.

Baada ya miezi mitano nilirudi wodini. Siku ya tatu, bibi mmoja mkongwe alikuwa amechomwa mara mbili bila mafanikio, wakaniita. Moyo ukaanza mbio zake. Mkono ukaenda kifuani kutafuta saa, nikakumbuka bado iko kwa Akinyi. Basi sikuwa na cha kuhesabu. Nikavuta kiti, nikakaa, nikausugua mkono wake kwa kidole gumba polepole, kama jiwe majini, mpaka mshipa ukajitokeza. Nikachoma mara moja.

"Umemaliza?" bibi akauliza.

"Nimemaliza, magokoro, bibi yangu."

"Sasa mbona bado umenishika?"

Nilikuwa nimesahau kuondoka.

Namshukuru Mungu, na Ombati aliyenivumilia, na wale wanawake wawili, Akinyi na shangazi. Hofu bado hunitembelea. Ukiona dalili kama zangu, nenda upimwe kwanza, na ukiambiwa moyo ni mzima, usigombane na daktari kama mimi. Na wauguzi wenzangu, lieni wafu wenu mapema. Ndege wangu yuko dirishani nyumbani, hana mdomo na sitamrekebisha.

Sasa nakaa. Mguu ukitikisika, uacheni.