Kisiwa Ambako Jua Halizami

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya kisiwa cha mbali kaskazini, barafu tupu, hakikaliki. Ufukweni palikuwa na makaburi mawili ya mawe.

"Wavumbuzi hao, baba. Walikwenda kuchora ramani, wakafa gizani wakingoja jua lirudi."

Utotoni habari yao niliielewa vingine.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nyumbani kwetu Mtanda. Kaka alikuwa akisoma kwa sauti kitabu chake cha jiografia: katika kisiwa kile kuna miezi ambayo jua halizami kabisa. Akanionyesha picha ya makaburi yale yale. Nikajua kilichowaua. Masikini, walikuwa wamefunga, wakaingoja magharibi mpaka roho zikawatoka.

Bibi alikuwa amelala mkekani, homa siku ya tatu, na bado alikataa kula mchana. Uani mihogo ya nazi ilinukia. Nililitazama jua juu ya mikorosho, nikaona halisogei.

"Bibi, kunywa maji. Leo jua halizami."

"Litazama tu, mjukuu wangu," alisema bila kufumbua macho. "Kalichunge, likizama uniite."

Nikakaa kizingitini, nimelikodolea macho. Nyuma yangu pumzi zake zilikwaruza, kisha zikatulia, nikafurahi kwamba amepata usingizi.

Jua lilizama kama siku zote. Adhana ikalia, nikamkimbilia na kikombe cha maji; hakuamka tena.

Alasiri nzima nililichunga jua. Yeye sikugeuka kumtazama hata mara moja.