Fundi Hupumua Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Ninalisema hili mapema ili kijana anayesoma haya asidhani nilizaliwa na pua ya chuma. Ilikuwa Kitengela, katika gereji ya mabati kando ya njia ya malori ya saruji. Mwenye gereji, Mzee Kamau, aliniambia niingize kichwa ndani ya pikapu iliyokuwa imebeba maziwa na kondoo kwa miaka mingi, kisha akawasha feni ya AC. Harufu iliyonipiga usoni ilikuwa ya soksi zilizokaa majini wiki nzima, na nyuma yake maziwa yaliyooza. Nikakimbilia nyuma ya tangi la maji.

"Umesikia?" akaniuliza niliporudi nikijipangusa.

"Nimesikia, mzee."

"Basi hiyo ndio kazi. Siku pua yako itaacha kusikia, wewe enda nyumbani."

Nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma na cheti cha umeme wa magari na wasiwasi mwingi. Wasiwasi ninao tangu utotoni. Nikifunga mlango narudi mara mbili kuusukuma, na mke wangu amenicheka kwa hilo mpaka amechoka. Watu huniambia ni ugonjwa. Mimi naamini ndio ulionifanya fundi mzuri, isipokuwa siku moja, na habari ya siku hiyo nitaisimulia.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Wengi hudhani AC ikinuka, gesi imeharibika. Sivyo. Nyuma ya dashibodi, upande wa abiria, kuna kisanduku cha plastiki, na ndani yake kuna evaporeta: mapezi membamba ya alumini yaliyobanana, na mirija ya gesi baridi ikipita katikati. Feni husukuma hewa ya moto ipite kwenye mapezi hayo, hewa inapoa, na unyevu wake unakuwa matone yanayotoka nje kwa kimpira kilicho chini ya gari. Sasa tia vumbi la Kitengela hapo. Tia na manyoya ya kondoo. Kimpira kinaziba, maji yanalala humo, kuvu inaota, na kila pumzi unayovuta ukiwa umefunga vioo imepita juu ya kuvu hiyo.

Mzee Kamau alitufundisha kufungua droo ya dashibodi, kutoa chujio, kisha kutoa feni yenyewe, ndipo uso wa evaporeta uonekane. Unazibua kimpira kwanza, la sivyo maji yote yatamwagika kwenye zulia. Unanyunyiza sabuni ya povu kwa bomba la mkono, lile la kupampu, unaiacha itafune uchafu, halafu unasuuza mpaka maji yanayotoka chini yawe safi ya kunawia uso. Mashine ya presha alikataza kabisa, kwa sababu hulaza mapezi na hewa haipiti tena.

Mwisho wa yote kulikuwa na sharti lake. Unaingia garini mwenyewe, unafunga vioo vyote, unawasha feni hadi mwisho na unakaa dakika kumi.

"Fundi anapumua kwanza," alisema. "Kama wewe mwenyewe hauwezi kuvuta hiyo hewa, kwa nini umpee mtu?"

Nilikaa dakika kumi hizo mara nyingi nisizoweza kukumbuka, nikitazama ukuta wa mabati na kusikiliza koo langu. Vijana wenzangu walipita nje wakigonga kioo na kuniuliza kama nimefika Mombasa. Miaka tisa ilipita hivyo. Kisha Mzee Kamau akaumwa miguu, akafunga gereji na kurudi kwao, nami nikapata kazi Kajiado, katika karakana ya shirika dogo lililoshughulikia afya ya mifugo.

Kajiado kulikuwa na vyeo. Juu alikuwa Mratibu, ambaye tulimwona akishuka garini na akipanda. Chini yake alikuwa Msimamizi wa Karakana, mtu wa saa na karatasi. Mimi nilikuwa Fundi wa Majaribio kwa miezi sita, na barua ya kuthibitishwa kazini ingetoka nikiipita miezi hiyo bila doa. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na nyumba ya kupanga Kitengela. Kila asubuhi nilihesabu siku zilizobaki.

Mwezi wa tano wa majaribio hayo, Daktari Simaloi alikuja karakanani. Alikuwa daktari wa mifugo, mzaliwa wa hapohapo Kajiado, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Alisimama mbali kidogo na pikapu yake.

"Fundi, hii gari inaniua," akasema. "Nikifungua dirisha ni vumbi, nikifunga ni harufu. Na kesho niko na safari ya upande wa Namanga, kuna mbuzi wanakufa huko. Utanisaidia?"

"Nitaanza mapema, Daktari. Ukifika utaipata iko tayari."

Jioni hiyo nilichanganya sabuni yangu kwenye bomba la manjano, nikaliacha stoo. Hapa ndipo kosa lilipoanzia. Bomba la pili la manjano, pacha wa langu, lilikuwa la watu wa kuogesha mbuzi, nao walikuwa wamelirudisha likiwa na dawa ya kupe iliyobaki. Anayeishi nchi ya mifugo anajua kwamba dawa hiyo ukiitia majini hugeuka nyeupe kama maziwa. Na sabuni yangu hugeuka nyeupe vilevile.

Asubuhi nilifungua pikapu nikakuta uvundo wa kutisha. Panya alikuwa amejenga kiota kwenye feni na kufia humo. Nilifanya kazi zaidi ya saa nzima kichwa kikiwa ndani ya dashibodi, na pua yangu ikafa ganzi. Nikaingia stoo, nikachukua bomba la manjano, nikalitikisa, nikaona weupe, nikanyunyiza. Kwa pua iliyokufa sikusikia chochote. Siku hiyo maji ya mfereji yalikuwa yamekatika, tumebaki na mtungi mmoja, basi nikasuuza kwa mtungi huo mmoja nikajiambia panatosha.

Msimamizi akatokea mlangoni akitazama saa.

"Fundi, Daktari amekaa kwa kiti tangu saa mbili. Toa gari."

"Bado dakika kumi tu, Bwana Msimamizi. Nakaa ndani nihakikishe."

"Kukaa ndani ufanye nini? Gari ni ya kwenda, sio ya kukaa. Toa."

Nilifikiria barua yangu. Nikarudisha feni na droo, nikampa dereva ufunguo. Dereva aliitwa Sankale, mtu mpole aliyependa kuendesha vioo vimefungwa kwa sababu ya kifua chake. Daktari alipanda, akavuta hewa, akatabasamu.

"Sasa hii inanukia dawa," akasema. "Afadhali dawa."

Nikafurahi, naona aibu kulisema. Wakaondoka.

Nilienda kunawa mikono kwa maji ya chupa ili ninywe chai. Hewa ya nje ilikuwa imeanza kunifungua pua. Nilipoinua andazi, vidole vyangu vilinuka boma la mbuzi siku ya kuogeshwa. Niliweka andazi chini. Nilirudi stoo nikitembea, kwa sababu niliogopa kwamba nikikimbia litakuwa kweli. Bomba langu lilikuwa pale pembeni, limejaa sabuni hadi juu, halijaguswa.

Nilipiga simu ya Daktari, haipatikani. Ya Sankale, haipatikani. Nikaenda ofisini kwa Msimamizi nikamweleza yote. Alitazama saa yake.

"Umenyunyiza kidogo tu, na umesuuza," akasema polepole. "Labda hakuna kitu. Wewe umebakisha mwezi mmoja tu ya majaribio. Ukienda kupiga kelele, unajimaliza. Ngoja jioni warudi."

"Na wasiporudi?"

Akarudi kwenye karatasi zake. Nami nakiri kwamba nilisimama pale nikapima. Nilipima barua yangu na pumzi ya yule mama, na nilipima kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Halafu nikaenda stoo, nikachukua chupa ya dawa yenyewe yenye maandishi yake, nikatoka barabarani na kusimamisha bodaboda.

Sijawahi kuona barabara ndefu kama ile ya kwenda Bisil, kwenye njia ya Namanga. Kila pikapu nyeupe iliyokuja mbele yetu nilidhani ni wao, na pikapu zote nchi hii ni nyeupe. Chupa niliikumbatia kifuani. Niliwaza habari za mtoto yule ambaye bado hajapumua hewa yoyote, na ya kwanza kumfikia imetoka mikononi mwangu.

Tuliwakuta kabla ya Bisil. Pikapu ilikuwa kando ya lami, milango wazi. Daktari alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu, anatapika, jasho linamtiririka na mate yanamtoka bila yeye kuyazuia. Sankale alikuwa akimpepea kwa faili, naye mwenyewe macho mekundu.

"Ni mimba," akaniambia. "Imemsumbua tangu tutoke Kajiado. Na mimi kichwa inaniuma, sijui ni jua."

"Sio mimba," nikasema. "Ni mimi. Nimetia dawa ya kupe kwa AC."

Sankale alinitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. Daktari aliinua kichwa. Yeye alikuwa daktari wa mifugo, aliizoea harufu ya dawa hiyo hata asiishuku, lakini aliijua kuliko sisi sote, akaelewa mara moja. Hakunitukana. Aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake, na hadi leo nikifumba macho naiona mikono ile.

Tulimlaza nyuma ya pikapu, kwenye hewa wazi, juu ya magunia. Sankale aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Kituo cha afya hakikuwa mbali, na muuguzi wa zamu, mama mnene asiyependa maneno mengi, alimfunua macho akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikampa chupa. Aliisoma pande zote, na tangu hapo mikono yake ikaenda mbio: akamvua nguo, akamwosha kwa sabuni, akampigia mkubwa wake simu, akamdunga sindano, akaita gari la wagonjwa. Sankale naye akaoshwa.

Baadaye muuguzi alinikuta kwenye benchi la nje.

"Wewe ndiye ulileta chupa?"

"Ni mimi. Na kosa ni langu."

"Bila hiyo chupa ningempea dawa ya kuzuia kutapika nimwambie apumzike. Mama wajawazito wanatapika kila siku." Akanikabidhi kikombe cha maji. "Kunywa."

Daktari alilazwa siku nne. Walisikia moyo wa mtoto unapiga, lakini walisema hakuna wa kuahidi lolote mpaka azaliwe. Hizo zilikuwa wiki nane ambazo sikulala vizuri hata siku moja. Nilipungua mwili mpaka mke wangu akaanza kunitengea chakula nile mbele yake asubuhi kabla sijatoka. Kisha Sankale akaja karakanani, akasimama mlangoni, akasema tu, "Msichana. Analia kama king'ora." Nilienda nyuma ya stoo nikalia na mimi.

Kazini nilipewa barua ya onyo na majaribio yakaongezwa miezi sita. Nilitarajia kufutwa. Nilisikia kwamba Mratibu alikuwa ameshika kalamu tayari, ndipo Daktari alipoingia na mtoto mgongoni akamwambia, "Mkimfukuza huyu, atakayefuata atajua kunyamaza." Barua yangu ya kuthibitishwa ilitoka mwaka uliofuata.

Nikafanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipelekwa Namanga, kwenye magari yanayokula vumbi la mpakani, kisha Ngong kwa muda, ambako ni ukungu na kuvu huota haraka zaidi, kisha nikarudishwa Kajiado. Kila nilikoenda bomba langu nilipaka rangi nyekundu na kulifungia kwa kufuli. Kila fundi aliyepita mikononi mwangu alikaa dakika kumi, atake asitake, na msimamizi wa kunikatiza hakupatikana tena.

Lakini kuna jambo moja lililonifuata. Tangu siku ile, Daktari Simaloi hakusafiri tena vioo vikiwa vimefungwa. Kila gari alilopewa nikiwa Kajiado nililisafisha mwenyewe, nikalipumua mwenyewe, na kila mara alirudi safari nywele na nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Alinisalimu vizuri, aliuliza habari za wanangu, hakuwahi kunisema hata kwa utani. Hilo ndilo lililoniuma. Mara moja tu nilithubutu.

"Daktari, AC iko sawa kabisa."

"Najua, fundi," akasema, na kioo kikabaki chini.

Siku yangu ya mwisho kazini, kabla ya soda na hotuba, niliomba pikapu yake. Niliifungua, nikazibua kimpira, nikanyunyiza povu kutoka bomba langu jekundu, nikasuuza kwa mitungi mitano mpaka maji yakatoka ya kunawia uso. Nikarudisha kila kitu. Nikaingia, nikafunga vioo, nikawasha feni hadi mwisho, nikatazama saa. Pua yangu ya uzee ilisikia baridi tu na plastiki. Hata hivyo niliinama nikanusa tena, kama ninavyofanya kila mara.

Mlango wa abiria ukafunguliwa. Alikuwa Daktari, mvi zimemjaa, mkoba begani.

"Daktari, sijamaliza," nikamwambia. "Ngoja kwanza."

"Zimebaki ngapi?"

"Nne."

Akapanda, akaweka mkoba miguuni, akavuta mlango ukafunga. Kioo cha upande wake kilikuwa juu. Nilimwona akikitazama, mkono ukiwa karibu na kitufe, kisha akaurudisha mkono mapajani. Tulikaa tukitazama ukuta wa karakana, feni ikivuma, mpaka zile dakika nne zikaisha.